Kofi Moja, Kisha Mkono

4 Februari

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe uliyejificha nyuma ya mlima usiopata hata mtandao. Mama anakusalimu. Goti lake limepungua uvimbe, sasa anatembea mwenyewe hadi kwa jirani kwenda kuteta. Anasema mtoto wa kiume asiyeandika ni mzigo uliotuliwa njiani. Sikumwuliza maana yake, nakuletea kama alivyosema.

Barua hii ameibeba dereva wa lori la kokoto. Mpe chai, kwa sababu ndiye posta yetu. Ukijibu, aniletee hapa karakanani, si nyumbani. Nyumbani barua zinapotea.

Kazi ipo. Nasuka mota mpaka vidole vinanuka vanishi hata baada ya kuoga. Juzi nilipewa mota ya kinu cha nafaka, imeungua hadi ndani, waya wote umekuwa mkaa. Mama Waya, mwenye karakana, alisema tuitupe. Nikaing'oa yote, nikaisuka upya, na jana imezunguka. Nilifurahi kama mjinga.

Sasa wenzako. Siku ile tulipovaa majoho tulidhani dunia inatungoja getini na maua. Betri, yule aliyekuwa akizimika usingizi katikati ya somo, kazi ya ghalani imemshinda na mchumba wake kamfungia mlango. Analala sebuleni kwetu. Rula, rafiki yako wa chanda na pete na mume wangu mimi, bado anachora ramani za majengo katika ofisi ile ile. Mchoro wa hospitali aliokuwa akiuota mwaka mzima, bosi wake kampa mtu aliyemaliza chuo juzi.

Jumapili tulikuwa mezani sisi watatu. Betri, kwa utani wake wa kila siku, akamwuliza Rula kama siku hizi anachora vyoo tu. Rula akasimama, akavua saa kama mlivyokuwa mkivua chuoni, akaiweka kando ya sahani. Betri akacheka na kumpa shavu, kama bwenini. Lakini lile halikuwa kofi la bwenini, Kaka. Jino lilitoka, nililiona kwenye sahani yake kabla yeye hajajua kuwa limetoka. Kisha Rula akanyoosha mkono, Betri akaushika, damu inamchuruzika kidevuni, na wote wawili wakageuka kunitazama.

Unakumbuka kazi yangu. Mkosaji anapigwa kofi moja, wanapeana mikono, na mimi mtoto wa kike pekee niliyekuwa nikija kuwatembelea bwenini, ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa kwa sababu yako, ndiye niliyekuwa nikitamka, "Kesi imefungwa." Baada ya hapo atakayeitaja tena anapigwa na wote. Basi nikatamka. Mdomo ulisema wenyewe, kama mtu anayeitikia jina lake.

Nataka kukuuliza wewe uliyeitunga sheria ile. Tulipotoka chuo, nayo ilitoka na sisi? Ina mwisho?

Jambo dogo la mwisho. Sikio langu la kushoto linavuma tangu mwezi uliopita, kama mota yenye beringi mbovu. Usimwambie Mama.

Ni mimi mdogo wako.


2 Machi

Mdogo wangu kipenzi,

Barua yako nimeipata, imekunjwakunjwa na kunuka dizeli, lakini nimeipata. Mimi ni mzima wa afya, chuma cha pua. Mwambie Mama mzigo wake uliotuliwa njiani unakula na kushiba na unamkumbuka. Anywe dawa, apunguze kuteta.

Huku mawe yanalia kutwa. Wakipiga baruti asubuhi, vikombe vyote mezani vinacheza. Mimi kazi yangu ni ile mashine ya kusaga, ikikwama naingia mwilini mwake na nyundo kuutoa mwamba ulioikaba. Wiki iliyopita mchimbaji mmoja alitia mkono pale pasipotiwa mkono. Vidole vitatu vilikwenda na kokoto, na mimi ndiye niliyevitafuta kwenye lundo. Kimoja sikukiona. Usisome sehemu hii ukiwa unakula.

Ila hata hapo pana baraka. Aliyemshona yule bwana ni Nesi wetu wa kambi, mwanamke mwenye mikono isiyotetemeka hata mlima ukianguka. Nimekuwa nikijikata makusudi, mdogo wangu, mikwaruzo midogo, ili anifunge bendeji. Amenishtukia. Aliniambia safari nyingine atanishona bila ganzi. Sasa tunaelewana vizuri sana, na ukiniandikia mwulizie kama wifi yako, usione haya.

Kuhusu sheria yetu, acha kuichokonoa. Ile sheria ilitulea. Mabweni mengine watu walichukiana mpaka kutiliana sumu, sisi tulipigana kofi na jioni tukala sinia moja. Wagombanao ndio wapatanao. Betri naye amezidi domo, na mtu aliyenyang'anywa mchoro wake hataniwi kuhusu vyoo. Rula ni mtu wangu, nilimpa dada yangu kwa mikono miwili na sijajuta. Mpe salamu shemeji, mwambie yule bosi ipo siku atamwita.

Sikio, wewe si fundi? Badilisha beringi.

Kaka yako.


19 Aprili

Kaka,

Natumai u mzima, na wifi yangu wa bendeji pia. Mama hajambo. Usishangae mwandiko kama wa mtoto wa chekechea, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya plasta hadi kiwiko. Mota iliniangukia.

Kwa hiyo sisuki. Mama Waya amenipa kazi ya kukaa mezani kupokea wateja, na kila mota inayoingia naitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunje vizuri tena. Waya mwembamba unashikwa na vidole hivyo hivyo viwili.

Betri ameondoka kwetu. Alifunga begi lake asubuhi, akakunja shuka vizuri kuliko siku zote, akaniambia, "Samahani, dada. Nilisikia umefunga." Akaenda. Sijui analala wapi.

Rula amekuwa mpole wiki hizi. Ananimenyea chungwa. Ananifunga vifungo vya blauzi asubuhi kabla sijaenda kazini, polepole, kimoja kimoja, na mimi nasimama pale sipumui.

Kaka, huko kambini kuna chumba? Sihitaji kikubwa. Najua kufua, najua kupika kwa mkono mmoja, na mkono ukipona jenereta zenu nitazitazama mimi. Ulizia, unijibu haraka. Dereva amesema anapita kila baada ya wiki mbili.

Nimeacha kuandika hapa mara mbili. Ulizia hicho chumba.

Mdogo wako.


30 Mei

Mdogo wangu,

Pole sana kwa mkono. Pole tena kwa kuchelewa, lori lilikata ekseli na dereva akakaa gereji mwezi mzima, halafu mimi nami nikawa natafuta la kusema. Mimi mzima. Nesi anakusalimu, amenifundisha kunywa maji badala ya soda. Mama nimemwandikia kivyake.

Chumba si rahisi. Kambi hii ni ya wanaume, mabati na vitanda vya chuma, na choo ni kimoja kwa watu wote. Meneja ukimwambia habari ya dada anacheka kicheko kisichonipendeza. Na wewe ni mke wa mtu. Nikikuleta huku, shemeji atanielewaje? Watu watasema nini?

Dereva ameniambia neno hapa jikoni, mbele ya watu, nikaona aibu. Anasema huko karakanani wanaambizana kwamba siku ulipoumia wewe hukuwa zamu, na hakuna mota iliyoanguka. Nilimwambia achunge ulimi wake. Lakini limenikaa kooni. Nikamwuliza Nesi, akaniambia mota ikimwangukia mtu haimvunji vidole kwa mstari ulionyooka. Nikamwambia hata yeye achunge ulimi.

Basi nimefanya kama anavyofanya mwanamume na mwanamume mwenzake. Nimemwandikia Rula mwenyewe, kistaarabu, kirafiki, kama tulivyokuwa chuo. Nimemweleza niliyoyasikia na kwamba uliniulizia chumba, nikamwomba anipe ukweli wake. Barua yake nimempa dereva pamoja na hii, atamfikishia ofisini. Mambo ya ndani yanamalizwa na wa ndani. Rula atanijibu, ndipo tutajua pa kushika.

Vumilia kidogo. Mkono utapona.

Kaka yako.


21 Juni

Kaka,

Leo sina salamu ndefu. Mama ni mzima na anajua kila kitu, nimemwambia mwenyewe. Alisikiliza, akavua kanga ya kichwani, akaikunja, akaifunga tena. Halafu akasema nisiseme neno moja la kumtetea mtu yeyote mbele yake, na wewe ukiwamo.

Barua yako ilimfikia kabla ya yangu kunifikia mimi. Alirudi nayo mchana, nami nilikuwa nyumbani kwa sababu nilitoka hospitali kukaguliwa plasta. Alinisomea yote, kwa sauti, amesimama, na sauti yako aliiga vizuri, mpaka ule utani wako. Alipofika kwenye neno la chumba alilisoma mara mbili. Kisha akaiweka mezani na kuvua saa.

Sasa nisikilize, kwa sababu sitayaandika tena haya.

Mkono wangu aliuvunja na mlango wa bafu. Nilikuwa nimeushika mlango, nikimwomba anisikilize kuhusu Betri, kwa nini amempiga tena. Akaufunga, mkono ukiwa ndani, kisha akauegemea kwa mgongo kama mtu anayepumzika. Nilisikia vidole kabla ya kuhisi maumivu. Alipoufungua alinyoosha mkono wake tupeane. Mkono wake wa kulia, Kaka, akisubiri wangu wa kulia. Nikampa wa kushoto. Nikasema imefungwa, kwa sauti ya kutosha, maana alitaka Betri aliyekuwa sebuleni asikie. Betri akasikia, akaridhika. Chuo chetu kilitufundisha vizuri.

Na sikio ni kofi la Januari. Nilichelewesha chai.

Kwa hiyo nilipoona saa inavuliwa, mwezi huu, sikungoja. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na nyundo ya karakana, ile ya kugongea kiini cha mota. Nilikuwa nikitembea nayo tangu Aprili. Nilimpiga nayo begani kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa wa bega ukisema kah. Hakuamini. Alinitazama kama mtu aliyeumwa na kiti chake mwenyewe. Kisha akanishika nywele, akanigonga uso kwenye sinki, mara ngapi sijui, na mimi nikampiga na plasta, plasta ile ngumu, mdomoni, mpaka ikapasuka na vidole vyangu vikavunjika upya. Maji ya bomba yalikuwa yanakwenda wakati wote huo. Nakumbuka niliwaza kwamba tunayapoteza. Nikamng'ata kidole gumba, akaniachia, nikatoka nje bila viatu, nikakimbia hadi karakanani na uso wangu ule ule, mchana kweupe, watu wananipisha njia.

Polisi aliyeandika maelezo yangu aliniuliza kama hatujapatana. Mama Waya alikuwa amesimama nyuma yangu na koleo mkononi, akamwuliza yeye kama angependa kupatanishwa na mlango. Akaandika. Rula alilazwa siku kadhaa, sasa yuko nje, anapita mbele ya karakana na mkono wake kwenye kitambaa, ananyoosha tu ule mkono mzima kuelekea kwangu. Anangoja nifunge kesi.

Mama Waya amenipa stoo ya juu, tumetoa mabomba na kutia kitanda. Mlango ni wa chuma na una funguo mbili. Moja ninayo shingoni. Ya pili nimekuwekea wewe.

Njoo, Kaka. Sikuiti kupigana. Sitaki umguse. Nataka ukae kwenye kiti pale chini ya ngazi, unywe soda yako, usome gazeti, anione nina mtu, ili mimi nilale. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hata ukiwa karibu sitaki uiinue. Nataka ukae tu.

Barua hii naiandika nikiwa na hasira nawe, ujue. Lakini njoo.

Mdogo wako.


10 Julai

Mdogo wangu, damu yangu,

Sijui nianzie wapi. Nimesoma barua yako nikiwa juu ya mashine, nikashuka, nikarudia, nikaenda nyuma ya kambi nikalipiga ngumi bati la stoo mpaka likatoboka. Mkono wangu nao umevimba, sasa tuko sawa.

Nitamvunja. Nasema hivi nikiwa na akili zangu. Sitatumia nyundo, nyundo ni ya haraka. Nimefanya kazi na mwamba miaka hii yote, najua kitu kigumu kinapasuliwa wapi. Nitaanza na vidole vyake vya kuchorea, kimoja kimoja, na kila kimoja nitamwuliza kama anamkumbuka dada yangu. Nitamtia mlango wa bafu hilo hilo. Nitamvuta barabarani mbele ya ofisi yake, bosi wake aone, na yule aliyepewa mchoro aone, na akimaliza kulia nitamvua ile saa niishindilie kooni kwake. Mtu niliyekula naye sinia moja! Nilimpa dada, yeye akanifanyia hivi. Kunidharau mimi kiasi hiki. Anadhani sina mikono?

Wenzangu hapa wawili wamekubali kuja nami. Dereva amesema lori halimo, nikamwambia limo.

Kambi nzima imenikalia vibaya kwa ajili ya hasira hizi. Hata Nesi tumekorofishana. Nilimsomea barua yako, akalia, vizuri. Halafu nilipoanza kueleza mipango yangu akanikatiza. Akasema wewe uliomba mtu wa kukaa kwenye kiti, na mimi hilo sijalisoma. Akasema siendi kwa ajili yako, naenda kwa ajili ya jina langu. Mbele ya wenzangu! Basi mkono ukaniponyoka. Si kitu, kofi moja, na papo hapo nikampa mkono kama mwungwana, yakaisha. Ila yeye akautazama ule mkono, akautazama tu, akainama akaokota kofia yake, akatoka. Sijui alikuwa anangoja nini, labda alitaka nipige magoti. Jumanne sikumwona kwenye zahanati. Wanasema amepanda lori, kaenda kwa ndugu zake. Hasira za mwanamke ni moto wa karatasi, atarudi, na wachimbaji wanamngoja na vidonda vyao.

Wewe usiwe na shaka. Mwisho wa mwezi nipo mlangoni kwako. Niandalie ufunguo wangu.

Kaka yako mwenye uchungu.


1 Agosti

Kaka,

Mama hajambo. Goti limepona kabisa. Mimi nimeanza kushika waya mnene, mwembamba bado.

Usije.

Nesi hakwenda kwa ndugu zake. Dereva alimshusha hapa, mbele ya karakana, na begi moja na ile kofia. Aliniambia hakuwa na uhakika kama nitampokea, lakini anwani pekee aliyoijua mjini ilikuwa ile aliyokuwa akiiona kwenye bahasha zako. Alipanda ngazi, akanitazama uso, kisha akaomba maji ya moto na kuanza kunifungua bendeji kabla hata hajaketi. Ni kweli ulivyosema, mikono yake haitetemeki. Vidole vyangu alivinyoosha upya na nikapiga kelele, na akaendelea.

Sikumwuliza lolote siku ile. Nilijua nilipomwita akiwa amenipa mgongo akakosa kusikia. Wewe ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo sikio lake bovu ni la kulia. Mimi kushoto, yeye kulia. Tukikaa ubavu kwa ubavu, tumegundua, tunapata jozi moja nzima. Tulicheka sana kwa hilo. Halafu hatukucheka.

Umeandika kwamba hujui alikuwa anangoja nini. Hakuwa anangoja kitu. Nesi hakusoma chuo chetu. Hakuna aliyemfundisha kwamba mtu akikupiga kisha akakunyooshea mkono unatakiwa uushike, na kwamba kuna mtu pembeni atasema imefungwa. Aliona mkono uliompiga unarudi tena, akaondoka. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu ambao hawakuwa marafiki zetu. Mimi ilinichukua ndoa nzima.

Barua yako hii ya mwisho niliwasomea wote wawili, yeye na Mama. Nilipofika kwenye mambo ya vidole kimoja kimoja Mama aliniomba nikomee hapo. Akasema, "Hiyo ni barua ya nani kati yao?" Nikamwambia ni ya mwanawe. Akasema anataka kusikia sahihi. Nikamsomea sahihi.

Rula bado anapita. Jana Nesi alishuka na kiti, akakaa chini ya ngazi, akamenya viazi, anamtazama. Mama Waya akatoa kiti cha pili. Mtu akatumwa kumwita Mama, naye akaja na cha tatu, cha kwao, hakiamini kiti cha mtu. Rula alinyoosha mkono wake kama kawaida, akaona vichwa vitatu vinamtazama, akaurudisha mfukoni. Leo hajapita. Kesho pengine atapita, na kesi iko mahakamani mwezi ujao, na mimi nitakwenda na kuitaja, na nitaitaja tena, mbele ya yeyote atakayeuliza.

Betri alikuja Jumapili. Meno mawili hana sasa. Alisimama kizingitini akaniomba nimruhusu awe shahidi. Nimemruhusu.

Ufunguo wako wa pili nimempa Nesi. Nilikuwekea wewe kwa sababu ni wewe niliyekuwa namwona kila nilipofumba macho nikitafuta mtu wa kukaa mlangoni. Inaniuma, na sitasema haiumi. Usije na wenzako wawili, usije peke yako, usilete mikono yako hapa. Nikiona lori limekuleta, mlango ni wa chuma, na sasa najua kutumia nyundo kwa mikono yote miwili.

Nilikuwa namwita wifi. Ameniambia niache, nimwite dada.

Kila barua yako inaanza kwa kusema wewe ni mzima. Ya kwangu ya Februari ilikuwa na sikio, ukanitania. Ya Aprili ilikuwa na chumba, ukamwandikia yeye. Sasa Nesi naye amekuja na sikio lake, na katika kurasa zote zile za kuvunja watu hukuuliza hata mara moja linasikia au halisikii.

Ukiwa na la kuandika, andika hilo. Kama huna, mpe dereva chai tu.

Dada yako.


14 Novemba

Dada yangu,

Barua nimezichana nne, hii ni ya tano.

Saa yangu nimempa dereva, atakuletea. Iuzeni au ipondeni, sitaki kuivaa wala kuivua.

Siji.

Sikio lako linasikia? Na la kwake?

Kaka yako.